Shuka jekundu lilivyoficha damu ya baba

Nina miaka 28 na kwa miaka minne kazi yangu imekuwa kuandika habari za afya. Nimeandika kuhusu kisukari, shinikizo la damu, uzazi salama na malaria. Mwaka juzi niliandika pia kuhusu bawasiri. Ilikuwa makala ndefu, na mhariri alinipongeza mbele ya wenzangu. Wiki ile ile, nyumbani kwetu Kakesio, baba yangu alikuwa anatoka damu kila anapokwenda haja kubwa, na alikuwa ametoka damu hivyo kwa zaidi ya miaka mitano. Mimi sikujua.

Naandika haya kwa ruhusa yake. Nilipomwomba alikaa kimya kwa muda, akachezea fimbo yake, kisha akasema, "Andika. Lakini jina langu liache na ng'ombe wangu." Kwa hiyo jina lake halipo hapa.

Kakesio ipo ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, upande wa kusini magharibi. Ukitoka Karatu unapita geti la Lodoare, unapanda ukingo wa kreta penye ukungu na baridi, unateremka hadi Endulen, halafu unaendelea na njia ya vumbi upande wa Laetoli, pale zilipopatikana nyayo za binadamu wa kale mwaka 1978. Kwetu ni wafugaji. Kilimo kimepigwa marufuku hifadhini, kwa hiyo mahindi, maharage na mboga tunavipata kwa kununua, na vinakuja na gari. Maji yanakuja na punda, na punda huyo anaongozwa na mwanamke.

Baba huvaa shuka jekundu, kama wazee wenzake. Shuka jekundu halioneshi damu. Aliyeanza kushuku ni yeyo, ndivyo tunavyomwita mama. Hakuona kitu kwenye shuka, aliona maji ya kufulia yakibadilika rangi. Alinyamaza miezi kadhaa, kwa sababu mke hamuulizi mume jambo la namna hiyo. Alipoona mzee anapumzika mara tatu kabla ya kufika zizini, alimwambia mdogo wangu wa kiume. Mdogo wangu alipanda kilimani kutafuta mtandao, akanipigia. "Dada," alisema, "baba anaisha."

Siku ya kumi baadaye tulikuwa hospitali ya mjini. Kipimo cha wingi wa damu kilisoma 6.4. Mwanamume mwenye afya hutakiwa kuwa na 13 au zaidi. Daktari alishangaa kwamba mzee aliingia akitembea mwenyewe. Walimwongezea damu kwanza, wakampima utumbo mpana kuhakikisha si saratani, kwa sababu damu inayotoka njia ya haja kubwa si lazima iwe bawasiri, na hilo ni kosa ambalo wengi hulifanya wanapojinunulia dawa wenyewe. Majibu yalikuja mazuri. Ilikuwa bawasiri iliyokomaa, ile inayotoka nje na hairudi hata ukiisukuma kwa mkono. Ikabidi afanyiwe upasuaji.

"Sina shida"

Upasuaji wenyewe haukuchukua muda mrefu. Alichomwa ganzi ya mgongoni, vinyama vikakatwa, na vidonda vikaachwa wazi bila kushonwa vyote, ili vipone vyenyewe kutoka ndani kuja nje. Ni njia ya siku nyingi. Madaktari wawili wa hospitali ya St Mark's ya London, Milligan na Morgan, waliieleza pamoja na wenzao mwaka 1937, na mpaka leo bado inatumika duniani kote, na sisi tunaitumia.

Tatizo lilianza ganzi ilipoisha. Ngozi ya mlango wa haja kubwa ina mishipa mingi ya fahamu, kama ncha za vidole. Ndani kidogo zaidi mishipa hiyo ya maumivu ni michache, ndiyo maana mtu anaweza kuvuja damu miaka mitano bila kuumia sana. Lakini kidonda cha upasuaji kinagusa ngozi ya nje, na chini yake kuna msuli unaofunga na kufungua njia. Msuli huo ukishtuka hujikaza, ukijikaza huuma, na ukiuma hujikaza zaidi.

Muuguzi alimuuliza baba, "Mzee, kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?"

Baba alimtazama kama mtu aliyeulizwa ana ng'ombe wangapi mbele ya wageni. "Sina shida," alijibu.

Muuguzi akaandika sifuri. Sikumlaumu, aliandika alichoambiwa. Mimi ndiye nilijua nini maana ya jibu lile. Baba yangu ni mtu aliyesimama siku ya jando akiwa kijana, kisu kikapita, na jicho halikupepesa. Kwa mtu kama huyo kusema "naumwa" mbele ya binti wa kazi mwenye umri wa mjukuu wake ni kubomoa jambo alilolijenga maisha yake yote. Nilimwona amekamata chuma cha kitanda mpaka vidole vikapauka. Nikatazama pembeni. Kwetu binti hamtazami baba yake akiwa katika hali hiyo, na wala hamsemei mambo ya chini ya mkanda.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza lilipokaa.

Karatasi ya ruhusa

Siku ya pili aliruhusiwa. Tulipewa dawa kwenye mfuko na karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiingereza, yenye vifupisho vya kitabibu. Baba hasomi. Mdogo wangu aliishia darasa la saba. Mwenye shahada ni mimi, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ikawa yangu.

Karatasi ilisema mambo mengi ya maana. Ameze dawa za maumivu kwa saa, hata kama haumwi. Anywe dawa ya kulainisha choo. Asijizuie kwenda haja. Akalie maji ya uvuguvugu kila baada ya haja. Na mstari wa mwisho ulisema: damu nyingi, mabonge ya damu, kizunguzungu, homa au kushindwa kukojoa, rudi hospitali mara moja, hasa kati ya siku ya saba na ya kumi na nne.

Nilisoma yote. Nilielewa yote. Kisha nikamgeukia baba yangu, nikaona aibu. Sikuweza kutamka neno "haja" mbele yake, wala "mabonge". Nikasema, "Baba, wamesema unywe dawa hizi, ule vizuri, na ukisikia vibaya utuambie."

Ukisikia vibaya utuambie. Nilimwambia hivyo mtu ambaye hajawahi kusikia vibaya tangu azaliwe.

Tulikaa Karatu kwa shangazi siku nne. Baba alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya kama hakuna aliyemweleza. Alimeza vidonge pale tu maumivu yalipomzidi, ambapo tayari yalikuwa yamewaka na kidonge kimoja hakiwezi kuyazima. Kati ya vidonge alivyochagua, alipenda tramadoli kwa sababu ilimpa usingizi. Hakujua kwamba dawa za jamii hiyo hufunga choo. Dawa ya kulainisha choo ni shira tamu, na yeye alipoionja alisema ni ya watoto, akampa mjukuu wa shangazi. Bahati nzuri shangazi aliiwahi chupa.

Juu ya hayo, aliogopa haja. Alijizuia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Siku ya tano ilipomshinda, alikaa chooni karibu saa nzima. Shangazi aliniambia alisikia kitu kama mtu anayeng'ata nguo. Alipotoka, uso ulikuwa wa majivu. Kuanzia hapo akapunguza kula. Alikunywa chai na maziwa tu, kwa hesabu kwamba kisichoingia hakitatoka.

Msomaji, nimeandika makala nyingi zinazotenganisha mambo haya mawili: maumivu upande mmoja, damu upande mwingine. Kwa baba yangu nilijifunza kwamba ni jambo moja. Mtu anayeumwa hujizuia. Anayejizuia, choo chake hukauka na kuwa kama jiwe. Jiwe likipita kwenye kidonda kibichi hukichana. Kidonda kikichanika hutoa damu. Kwa hiyo kidonge cha maumivu alichokikataa siku ya kwanza kilikuwa pia kinga ya damu ya siku ya tisa.

Usiku wa siku ya tisa

Siku ya sita baba alisema anarudi kwake. Ng'ombe walikuwa na homa, alisema. Tulipanda Land Cruiser, na mnaoijua njia ile mnajua mtu mzima anavyorushwa. Hakulalamika hata mara moja.

Usiku wa siku ya tisa, kama saa tano, mdogo wangu aliniamsha.

"Dada, amka. Baba amekwenda nyuma ya boma mara tatu tangu giza liingie. Amenikataza nisikwambie."

"Anaharisha?"

"Si haja. Ni damu tupu. Mabonge, kama maini."

Nilijua mara moja. Nilikuwa nimewahi kuliandika: damu ya baada ya upasuaji huu si lazima itoke nje kwanza. Inaweza kupanda juu, ikajaa ndani, na mgonjwa akahisi kama anataka kwenda haja. Anakwenda, inatoka kwa wingi, anapata nafuu kidogo, kisha inajaa tena. Hutokea mara nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, pale gaga la kidonda linapobanduka, au kidonda kikiingiwa na wadudu au kuchanwa na choo kigumu. Si wagonjwa wengi wanaopatwa, lakini wanaopatwa wanaweza kufa kama wako mbali. Sisi tulikuwa mbali.

Nilikimbilia nyumba ya yeyo, baba alikuwa amelala humo. Nilipoinama kuingia akasema neno moja, "Hapana." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ya baba.

Nikasimama pale mlangoni. Sikujua nifanye nini kwa kama nusu dakika, nayo ilikuwa nusu dakika ndefu. Kisha nikarudi nje, nikaenda upande wa pili wa ukuta, pale kitanda chake kilipo. Nyumba zetu ni za fito zilizokandikwa, sauti inapita. Nikamwita mdogo wangu kwa jina, nikamwambia, "Wewe utakuwa mikono, mimi nitakuwa mdomo."

Nilimwelekeza hatua kwa hatua. Nawa mikono kwa sabuni. Mlaze kwa ubavu wa kushoto, magoti ayakunje kuelekea tumboni. Toa zile gozi zilizo kwenye mfuko wa hospitali, zikunje ziwe nene kama kiganja. Weka pale pale damu inapotoka, bana makalio pamoja, kandamiza kwa nguvu ya mkono mzima. Usichungulie. Watu wengi hukosea hapo: hukandamiza dakika moja, hufunua kuangalia, na kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Nilishika simu, nikahesabu dakika 15 kwa sauti, ili na baba asikie zinaisha.

Dakika ya saba hivi nilisikia baba akipumua kwa nguvu. Nikasema kupitia ukuta, "Baba, inauma?"

Kimya. Kisha, "Ndiyo."

Lilikuwa neno la kwanza la maumivu nililowahi kusikia kutoka kwake.

Yeyo alimfunika mablanketi. Nilimkataza kumpa supu ya magome, kwa sababu mtu anayeweza kuingizwa chumba cha upasuaji hatakiwi kushiba. Mdogo wangu alipomaliza kufunga gozi kwa kitambaa, alipanda kilimani kumpigia mwenye gari la mnadani. Yule bwana aliamka, Mungu ambariki, akaja. Tuliondoka kama saa nane usiku. Baba alilazwa kiti cha nyuma, miguu imeinuliwa juu ya gunia. Njiani fisi walikuwa wanavuka mbele ya taa. Nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono wake nikihesabu mapigo: 118, 124, 120. Ngozi ilikuwa ya baridi na yenye jasho. Hakuniondoa mkono.

Tulifika hospitali ya Endulen kabla hakujapambazuka.

Mpira wa mkojo

Kule walimwekea dripu mikono yote miwili, wakachukua damu ya kupima kundi. Kisha daktari akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona kwenye makala zangu. Alichukua mpira wa mkojo, ule wa kawaida ambao una kiputo mbele. Akauingiza njia ya haja kubwa, akakijaza kiputo maji, akauvuta taratibu mpaka kikakandamiza kidonda kwa ndani. Ni ufundi rahisi, kifaa chake kipo karibu kila hospitali, na wakati mwingine hutosha. Ukishindikana, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, mshipa unaotoa damu ukashonwa. Kwa baba ulitosha. Damu ilikata asubuhi hiyo.

Alihitaji chupa mbili za damu. Mdogo wangu hakufaa kutoa kwa sababu alikuwa na homa. Mimi nilitoa. Nilipokuwa nimelala pale sindano iko mkononi, niliwaza ule mstari wa mwisho wa karatasi, ambao tafsiri yake ingechukua sekunde kumi.

Saa nne daktari alikuja kumwona. "Mzee, siku zote hizi ulikuwa unaumwa?"

"Kidogo."

"Kidogo ya Mmaasai, au kidogo ya watu wengine?"

Baba alicheka. Ilibidi ajizuie, kwa sababu kucheka kuliuma. "Ya Mmaasai," alisema.

"Basi kuanzia leo nitakuwa naizidisha mara tatu," daktari akajibu, na akaandika dawa.

Karatasi mpya

Safari hii, kabla ya kuruhusiwa, nilimwomba daktari amweleze baba mwenyewe, mdogo wangu akiwepo, mimi nikiwa nje. Halafu mimi na mdogo wangu tuliandika karatasi nyingine kwa lugha ya nyumbani. Nawapa hapa kama tulivyoiweka, kwa sababu najua wapo wengi wanaorudi nyumbani na ile karatasi ya kwanza.

Dawa ya maumivu humezwa kwa saa, haisubiri maumivu. Kwa mtu mzima mwenye ini zima, parasetamoli ni vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku. Baba hafuati saa, kwa hiyo mdogo wangu alichora kwenye pakiti: jua linachomoza, jua la utosi, ng'ombe wanarudi, mwezi. Dawa kama ibuprofeni au diklofenaki husaidia sana zikiongezwa, lakini mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au anayetoka damu asizitumie bila daktari. Tramadoli au kodeini ikibidi itumike, dawa ya kulainisha choo lazima iende nayo. Daktari pia anaweza kuandika metronidazo, ambayo imeonekana kupunguza maumivu baada ya upasuaji wa namna hii, au mafuta ya kupaka yanayolegeza msuli. Kidonge cha maumivu kimezwe kama nusu saa kabla ya muda wa kwenda haja.

Haja isizuiwe na isilazimishwe. Ikija, nenda. Isipokuja, inuka. Usikae kule ukisukuma.

Chakula kiwe kile kilichopo. Kuambiwa "kula mboga za majani na matunda kwa wingi" ni sawa kwa mtu wa Karatu mjini, lakini sisi mchicha unafika umenyauka. Tulichoweza: ugali wa dona badala ya sembe, kwa sababu dona lina pumba zake. Maharage. Loshoro, yaani mahindi na maziwa mgando, ambayo baba anaipenda tangu utoto. Papai gari linapokuja. Nyama na maziwa peke yake havina nyuzinyuzi za kusukuma choo.

Maji ndiyo yalikuwa mtihani. Karatasi ya kwanza ilisema akalie maji mara tatu au nne kwa siku. Yeyo alipiga hesabu ya beseni, akaniuliza bila hasira, "Haya ni maji ya mzee au ya ndama?" Punda wetu hubeba madumu mawili ya lita 20 kwa safari moja, na safari moja inamla asubuhi nzima. Nikamuuliza muuguzi. Akasema kinachotuliza ni joto, linalegeza ule msuli uliojikaza. Chumvi si lazima. Basi tukakubaliana: maji kidogo ya kutosha kufunika makalio kwenye beseni dogo, dakika 10 hadi 15, kila baada ya haja, na nyakati nyingine kitambaa safi kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa. Maji yawe ya uvuguvugu, yajaribiwe kwa kiwiko. Baada ya hapo kidonda kikaushwe kwa kugusagusa, kisisuguliwe.

Damu: matone au michirizi wakati wa haja ni jambo la kawaida kwa wiki mbili hivi na haitakiwi kumtisha mtu. Mabonge, damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, kwenda haja mara kwa mara na kutoa damu tupu, kizunguzungu, jasho la baridi: kandamiza, lala, na gari litafutwe sasa hivi, si asubuhi. Homa, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au kushindwa kukojoa, hayo nayo ni ya kurudi hospitali.

Na la mwisho tuliloandika: wiki mbili za kwanza, lala karibu na hospitali kama una ndugu huko. Ng'ombe wana wachungaji.

Aibu si ya kwetu peke yetu

Watu huniambia aibu hii ni mila ya Wamaasai. Si kweli. Mwaka 1686 mfalme wa Ufaransa, Louis wa 14, alipasuliwa fistula ya njia ya haja kubwa, na kabla ya hapo ugonjwa wake ulikuwa siri ya watu wachache. Mwaka 1841 mwandishi mashuhuri wa Uingereza, Charles Dickens, alipasuliwa ugonjwa huo huo na daktari Frederick Salmon, mwanzilishi wa hospitali ile ya St Mark's. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya dawa ya usingizi ya etha kuoneshwa hadharani kule Boston. Alivumilia akiwa macho. Nilipomsimulia baba habari ya Dickens, aliuliza swali moja tu: "Alipepesa jicho?" Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Kwa hiyo simlaumu baba kwa kunyamaza. Alilelewa hivyo, na kunyamaza huko ndiko kulikomfanya awe mtu anayeheshimiwa. Ninayemlaumu ni mimi, niliyesomeshwa kwa ng'ombe wake ili nijue maneno haya, halafu siku yalipohitajika nikayameza. Kama wewe ndiye mwenye shule katika familia, na umepewa karatasi ya mgonjwa, na huwezi kuyatamka yaliyoandikwa mbele ya baba mkwe au mama yako, usiyafupishe. Tafuta mdomo mwingine. Kaka, shangazi, mjomba, mhudumu wa afya wa kijiji, hata mzee wa rika lake. Au simama nyuma ya ukuta useme. Adabu ina njia nyingi za kuizunguka bila kuivunja, na mimi niliijua mojawapo kwa kuchelewa siku tisa.

Kidonda kilifunga baada ya wiki ya sita. Baba anameza vidonge vya kuongeza damu, na kipimo cha mwisho kilisoma 11.2. Anafika zizini bila kupumzika.

Nilipokwenda mwezi uliopita nilimkuta mzee jirani, wa rika la baba, amekaa na mdogo wangu kando ya boma. Nilipofika niliinamisha kichwa, akanigusa utosini kunisalimia, na mazungumzo yakakatika. Nikaenda zangu kwa yeyo. Nilipogeuka niliwaona wameinamiana tena. Jioni mdogo wangu aliniletea beseni dogo la bluu.

"Dada, kesho ukienda Karatu ununue lingine kama hili," alisema. "Hili mzee yule ameliazima."